Ombi la Kusimama Ngazi ya Tatu

Yuliana Romani (Mama Jenipher),
Mtaa wa Mikwaju,
Mbagala, Temeke.
Jumatano, baada ya misa ya asubuhi.

Kwa Katibu,
Kamati ya Uwanja wa Mikwaju Miwili.

YAH: KUFUNGIWA KWANGU KUINGIA UWANJANI, NA HATARI YA VITI

Ndugu Katibu Gibson,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua nyie Wamoraviani mna kiitikio chenu. Itikia kwa namna yenu, nami huku nitaipokea. Natumaini mu wazima, wewe na mdogo wangu Vaileth na watoto. Sisi hatujambo, ila mume wangu Romani anasumbuliwa na kiuno tangu alipomaliza kuranda kabati la sakristia. Tumemwachia Mungu na mafuta ya karafuu.

Barua yenu nimeipokea Jumapili. Aliyeileta alinikuta napepeta mchele, akaiweka juu ya ungo na kuondoka mbiombio, nikajua si ya mwaliko. Imeandikwa kwamba kutokana na "tukio la kusukumana" siku ya nusu fainali, kamati imeamua mambo matatu: ngazi za zege zifungwe na watu wote wakae kwenye viti vya plastiki, ukutani liandikwe tangazo kwamba usalama wa kila mtazamaji ni jukumu lake mwenyewe, na mimi Yuliana nisiingie uwanjani hadi nitakapoarifiwa tena. Nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu niliisoma kwa miwani ya Romani, nikitumaini itasema kitu kingine.

Fainali ni Jumamosi hii. Golikipa wa Mikwaju Queens ni Jenipher, kitinda mimba wangu. Hapo ndipo panapouma, ndugu yangu, na ndiyo maana nimechana karatasi za katikati ya daftari la kikundi chetu cha misiba ili nikuandikie vizuri. Mie shule yangu iliishia darasa la saba kule Ndanda, kwa hiyo nikikosea mpangilio unisamehe. Nimejitahidi kuweka namba kama mlivyoweka nyie.

1. Kwanza tukumbushane ilivyokuwa, maana barua yenu imeandikwa kama na mtu ambaye siku hiyo alikuwa Kimbiji anakula samaki. Dakika ya themanini na nane, tunaongoza moja bila, mwamuzi akawapa wenzetu penalti. Jenipher akajitupa kulia, akaudaka, na hakuutema. Watu wa ngazi zote wakashuka kwa furaha. Waliokuwa chini wakataka kukwepea geti la nyuma, wakakuta kufuli. Wakarudi mbele, wakakutana na wanaoshuka, wote wakauegemea ule ukuta mfupi wa tofali, nao ukalala taratibu kama mtu mzima anayetafuta mkeka. Mungu ni mwema, hakuna aliyevunjika. Nurdin muuza kahawa alimwagikiwa birika zima, na kijana wetu Deogratias, mshika kibendera, akateguka kifundo cha mguu. Alimalizia mechi akiwa ameketi kwenye ndoo, akinyanyua kibendera hapo hapo alipo, na waliootea aliwaona vilevile.

Barua inasema chanzo ni "mama mmoja wa ngazi ya tatu aliyeruka." Ndugu Katibu, mimi sikuruka. Niliinua mikono kumshukuru Mungu, na mwili ukafuata. Mwanamke wa umri wangu na wa kilo zangu haruki, anainuliwa.

2. Kuhusu hilo tangazo la ukutani. Nimekwenda kulisoma nikiwa nje ya uzio, kwa kuwa ndani siruhusiwi. USALAMA WAKO NI JUKUMU LAKO MWENYEWE. Rangi nzuri, herufi zimenyooka. Lakini nikuulize kama dada yako. Usalama wangu ni jukumu langu, sawa. Wa Zuena jirani yangu ni jukumu la Zuena, sawa. Je, kufuli la geti la nyuma ni jukumu la nani? Maana siku ile ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mlinzi, na mlinzi alikuwa amefuata chapati. Mie siwezi kuwajibika kwa ufunguo ulio mfukoni mwa mwanaume mwingine. Hata Romani hatapenda.

Unajua kwamba mie ni kiongozi wa Kikundi cha Akina Mama wa Misiba hapa mtaani, Wakristo kwa Waislamu, mwaka wa kumi na tisa sasa. Katika miaka yote hiyo, pilau ikipungua hatujawahi kumwambia mfiwa, "Shibe yako ni jukumu lako mwenyewe." Aliyeita watu ndiye anayejua wataingilia wapi, watakaa wapi na watatokea wapi. Mvua ikinyesha, turubai likadondoka, hatuwalaumu waombolezaji kwa kuja na vichwa.

3. Viti vya plastiki ni hatari kuliko ngazi. Mtu akisimama kwenye zege, amesimama kwenye zege. Mtu akipewa kiti, mpira ukifika golini anapanda juu yake, kwa hiyo mmemwongezea kimo cha kuangukia. Mlipovijaribu siku ya robo fainali kwa wageni waalikwa mliyaona wenyewe. Mzee Mwinjuma alipotaka kuinuka kushangilia, kiti kilimng'ang'ania kiunoni, akaingia nacho uwanjani hadi kwenye duara la katikati, akipunga mkono kwa sababu alidhani makofi ni yake. Refa alimwonyesha kadi ya njano. Hadi leo hatujui kadi ile ilikuwa ya mzee au ya kiti.

4. Tena kusimama kwenyewe kuna heshima. Kanisani kwetu masomo ya kwanza tunayasikiliza tumekaa. Ikifika Injili tunasimama wote, mamia kwa mamia, na hakuna kamati iliyowahi kutuandikia barua. Na penalti ni nini, ndugu yangu, kama si habari njema au mbaya? Nilipomweleza Zuena, akacheka mpaka mtandio ukamdondoka, akasema, "Mwenzangu, sie tunasimama bega kwa bega, safu kwa safu, Idi watu wanajaa mpaka barabarani, na hakuna aliyewahi kumwangukia imamu." Nikamuuliza siri ni nini. Akasema, "Safu, mama. Kila mtu anajua safu yake, na mbele yake kuna nafasi."

Basi hilo ndilo ombi langu la busara, kabla sijafika kwenye mengine. Kila ngazi mbili wekeni bomba la chuma, lifike kiunoni, watu walishike. Anayeanguka aangukie bomba, asimwangukie mwenzake. Hesabuni watu wanaotosha kila ngazi, wakitimia mseme basi. Romani amepima kwa hatua zake na anasema linawezekana. Amepima akiwa nje ya uzio, kwa mshikamano na mkewe.

5. Kama bomba litachelewa, kamati ikabidhi geti kwa kikundi chetu. Sisemi kwa majivuno, lakini ni nani hapa Mbagala anayejua kupitisha umati kama sisi? Siku ya kuaga mwili watu hufika mia tano kwenye uwanja wa nyumba ambao mbuzi wawili hawapishani. Nasi tunawapitisha wote. Wanaingilia kulia, wanainamisha kichwa mbele ya marehemu, wanatokea kushoto. Zuena na Vaileth wako wanashika khanga tatu zilizofungwa pamoja, ndiyo kamba yetu. Mie nasimama kichwani kwa jeneza na kuhimiza: "Pita ndugu, umemwona, songa. Shati la bluu, marehemu hajibu, songa mbele!" Misiba sitini na kitu, hajakanyagwa hata kuku.

Basi na uwanjani iwe hivyo hivyo. Waingilie kulia, watazame goli, watokee kushoto. Asiyeridhika azunguke apange foleni upya. Najua utasema mpira ni dakika tisini na watu wanataka kuuona wote. Nami nasema hata marehemu tulikuwa tunatamani kumtazama zaidi.

6. Kuhusu vurugu za mwisho wa mechi, dawa ipo na iko kwenye mila zetu. Timu ikifungwa, mashabiki wake watambulike kuwa wafiwa. Watandikiwe majamvi upande wa geti la nyuma (likiwa wazi), wapewe kahawa ya Nurdin, na washindi wapite mmoja mmoja kuwapa mkono wa pole kabla ya kushangilia. Mtu aliyekwishakushika mkono akakwambia, "Poleni sana, kazi ya Mungu," humrushii chupa. Wale wa Kinyerezi tunaocheza nao Jumamosi wanapiga mashuti kama wamelelewa kwenye mtambo wa gesi, na mashabiki wao wako vivyo hivyo. Lakini hata wao wana mama zao waliowafundisha kutoa pole. Wakitufunga sie, Mungu apishe mbali, nitakuwa wa kwanza kukaa jamvini.

7. Na kama hayo yote hayatoshi kutuliza watu, ninalo la mwisho. Liwekwe jeneza getini.

Tupu, ndugu yangu, usiogope. Nimekaa nikawaza kwa nini watu wetu husukumana kwenye maji, kwenye mechi, hata kwenye komunyo ya Pasaka, lakini kwenye kuaga hawasukumani. Nimeona sababu ni jeneza. Mbele ya jeneza kijana mkorofi huvua kofia. Mlevi hutafuta vifungo vya shati. Hakuna Mtanzania atakayemsukuma mwenzake mbele ya jeneza, na hilo naliwekea dhamana jina langu la ubatizo. Romani analo moja dukani la kuonyeshea wateja, la mninga, vishikio vya shaba, na anaweza kuliazima kwa siku moja. Kusema kweli alisema, "Mama Jeni, hilo la jeneza liache." Lakini alisema akiwa amelala kifudifudi namkanda kiuno, na mtu katika hali hiyo hashauri vizuri.

Kama huniamini, kesho Alhamisi tunamuaga Mzee Ansbert, yule babu wa Bukoba aliyekuwa akija uwanjani na mwavuli hata kiangazi. Ameondoka na miaka tisini na mmoja, usingizini, amani kabisa. Njoo uone kazi yetu. Ukikosa nafasi, Vaileth atakuwepo kwenye khanga, atakusimulia.

8. Hili sikutaka kuliandika, lakini nimekwishafika huku.

Jenipher alianza kudaka akiwa na miaka saba, hapa nyumbani, akinidakia vitunguu nilivyokuwa namrushia kutoka kwenye kapu. Mechi yake ya kwanza alifungwa matano. Alitoka analia, anasema alitazama watu wote wale akaona hawana sura. Nikamwambia, mwanangu, usitazame watu. Nitazame mimi. Nitakuwa ngazi ya tatu, jirani na nguzo ya umeme, nimevaa kitenge cha njano. Tangu hapo, kabla ya kila penalti, anageuka. Akiniona nimesimama, anavuta pumzi, anapiga makofi mara mbili, anarudi golini. Watu wanadhani ni mbwembwe. Kumbe ananitafuta.

Jumatatu nilimwambia kwamba kamati imenifungia. Alikwenda kuosha glovu zake, akaziosha kwa muda mrefu kuliko zilivyokuwa chafu.

Mkinikalisha chini nyuma ya vichwa, haoni. Mkinizuia nje, haoni kabisa. Ndugu Katibu, ukuta nitachanga nguvu tuujenge, Romani na mimi, tofali kwa tofali, kiuno kikiruhusu. Deogratias nimekwishampelekea uji siku tatu. Lakini Jumamosi naomba nisimame pale. Nitasimama bila kutikisika, kama sanamu ya Mama Maria kwenye grotto, lile pango la kanisani, hata kama mtoto atadaka penalti kumi.

Naamini mtanielewa, maana mmezaliwa na mama. Nisalimie wajumbe wote wa kamati, pamoja na yule aliyeandika "aliyeruka". Sina kinyongo naye, nimemwombea. Msalimie mlinzi, na chapati zake. Wasalimie watoto, na huyo mdogo anayepanda uzio mwambie bibi Yuliana amemwona. Zuena anasalimu. Romani anasalimu, ila anarudia kwamba la jeneza hakushauri yeye.

Mama yenu na jirani yenu, aliye nje ya uzio kwa sasa,

Yuliana Romani

Nyongeza, Alhamisi jioni.

Bahasha nilikuwa nimeshaibandika gundi, nimeibandua. Kabla hujasikia kwa Vaileth, nisikie mie.

Kuaga kulianza salama. Kulia wanaingia, kushoto wanatoka, khanga imenyooka, sauti yangu ya kiasi. Yapata watu mia mbili walikuwa wamepita. Ndipo Vaileth, Mungu ambariki kwa moyo wake, akanisogelea na khanga mkononi akaninong'oneza: "Dada Yuliana, usimwambie mtu. Kamati ilikaa jana. Ngazi zimerudishwa na wewe wamekufungulia. Jumamosi unasimama pale pale."

Nilikuwa nimesimama kichwani kwa jeneza. Niliinua mikono kumshukuru Mungu, na mwili ukafuata.

Na kigelegele kikanitoka. Waliokuwa nyuma kwenye foleni, waliposikia kigelegele mbele ya jeneza, wakadhani Mzee Ansbert ameamka. Nusu wakaja mbele kuthibitisha. Nusu wakakimbilia kulia, walikokuwa wanaingilia wengine. Khanga ikakatika. Mashada yakalala kama ule ukuta wenu. Mimi nami nikaanguka, nikaipiga kwa bega meza ya jeneza, meza ikasogea, na jeneza likaanza kuteleza upande wa miguu.

Jenipher alikuwa amepiga magoti pale miguuni, kwenye maua. Akajitupa kushoto. Akalidaka kwa mikono miwili, na hakulitema.

Mtoto mkubwa wa marehemu amenisamehe. Amesema baba yake angekuwepo angepiga makofi, kisha akakumbuka kwamba alikuwepo. Padre bado hajasema kitu, nami namkwepa.

Kwa hiyo, ndugu yangu, futa namba ya tano, ya sita na ya saba. Kwenye namba ya kwanza, pale nilipoandika sikuruka, weka alama ya kuuliza. Ile dhamana ya jina la ubatizo naomba tusiizungumze. Namba ya pili usiifute: geti la nyuma liwe wazi na ufunguo uwe mlangoni. Na bomba la namba ya nne liharakisheni, sasa nimejua ni la kumzuia nani.

Tulipokuwa tunaosha vyombo, Jenipher alikaa karibu yangu akanipangusa udongo begani. Akasema, "Mama, Jumamosi ukae. Nitakutafuta ukiwa umekaa."

Basi naomba kiti. Kiwekwe ngazi ya tatu, jirani na nguzo ya umeme, kiwe na mikono ya kushikilia. Zuena atakaa upande mmoja, Vaileth mwingine, na hiyo khanga tumekwishaishona upya, watanifunga nayo. Kitenge cha njano nitakivaa kichwani, kiende juu, ili anione.